Wavulana Kumi wa Kurasini

Karatasi ilikwama ndani ya mashine, nusu imemezwa, nusu iko nje. Munira aliishika ncha kwa vidole viwili, akaivuta polepole kama anayemtoa mtoto mwiba. Ikachanika.

"Dada, nilikwambia usivute!" alilalamika Abdulrahman, mwenye duka, akiinama kufungua tumbo la mashine. "Sasa foleni yote hii itanila nyama mie."

Foleni ilikuwa imetoka nje ya duka, ikafika kwa muuza vitunguu. Ilikuwa asubuhi ya Jumatatu, Tandika, na kila mtu alikuwa na haraka yake: huyu anataka picha za pasipoti, yule anatoa kopi ya cheti cha kuzaliwa, mwalimu mmoja amekumbatia mitihani ya darasa zima. Wabeba magunia walipita barabarani wakipiga mluzi ili wapishwe. Munira alisimama mbele ya wote hao na rundo la barua zake, amevaa baibui jeusi lenye nakshi za kahawia mikononi na mtandio wa zambarau uliokuwa umeanza kuteleza.

"'Tunaomba taasisi yako iwapokee wanafunzi wetu wa ustawi wa jamii kwa mafunzo kwa vitendo,'" sauti ya mwanamume ilisoma nyuma yake.

Munira aligeuka. "Samahani, kaka. Hiyo barua ina jina lako?"

"Haina jina la mtu. Imeandikwa 'Mkuu wa', halafu nukta nukta nukta. Na mie ni mkuu."

"Mkuu wa wapi?"

"Wa nukta nukta nukta."

Munira hakutaka kucheka, lakini alicheka. Mwanamume huyo alikuwa mrefu, ndevu zake fupi, shati lake la kitenge limepigwa pasi vizuri mbele na kusahauliwa kabisa mgongoni. Alijitambulisha: Khalfani. Alikuwa akiendesha Kituo cha Tulizana kule Kurasini, nyuma ya yadi ya makontena, mahali ambapo mama lishe na wake za makuli wa bandarini walikuja kusema yaliyowashinda.

"Tuna vyumba viwili," alisema, "benchi moja, na feni inayozunguka ikipenda."

"Una nafasi ngapi?"

"Nafasi za nini tena?"

"Za wanafunzi, kaka yangu. Nina darasa zima, halafu nusu yake haina pa kwenda. Usiniangushe."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Munira. Alikuwa mratibu wa mafunzo kwa vitendo katika chuo kimoja kidogo, kilichopanga ghorofa ya pili juu ya duka la vigae, Temeke. Kila mwaka alizunguka kugonga milango ya vituo vya watoto, nyumba za wazee, zahanati na ofisi za kata, akiomba wawapokee wanafunzi wake, wakae nao, wawaonyeshe kazi. Hakuwa na cha kuwapa hao wenyeji wake. Mtaji wake ulikuwa miguu na ulimi. Wanaume aliwaita kaka yangu, wanawake dada yangu au mama yangu, na sauti yake ilimfanya mtu aliyekusudia kukataa ajikute anauliza wanafunzi wataripoti lini.

"Wawili," alisema Khalfani. "Wawili tu, na waje na viti vyao."

* * *

Waliletwa Fredrick na Nusaiba. Fredrick alikuwa kijana mchangamfu, anaongea kuliko redio. Nusaiba alikuwa msichana mtulivu wa Ilala, mwenye macho makubwa na mwendo wa taratibu, wa aina ambayo watu wakipishana nayo hugeuka bila kujua kwamba wamegeuka.

Munira alikuja kuwakagua wiki ya kwanza, kama utaratibu unavyotaka. Akaja tena wiki ya pili, utaratibu haukutaka. Mara ya tatu hakuuliza habari za wanafunzi hata kwa kujisingizia.

Alichokipenda kwa Khalfani kilikuwa kitu kidogo. Mtu akizungumza naye, aliinamisha kichwa upande mmoja, akanyamaza mpaka umalize, halafu akanyamaza tena kidogo, endapo umebakiza neno. Kwao Munira walikuwa ndugu saba, na hakuna aliyewahi kungojwa amalize sentensi. Alipokaa na Khalfani kwenye kibanda cha juisi ya ukwaju Chang'ombe, alijisikia mtu wa kwanza duniani kusikilizwa.

Simu zilianza.

"Umefika nyumbani, laazizi?"

"Nimefika. Nimevua viatu, nimelala chali, nakuwaza."

"Unawaza nini?"

"Lile shati lako. Mgongoni huwa hupigi pasi kwa nini?"

"Mgongo siuoni."

"Sie wengine tunauona, bwana. Siku moja nitakuja na pasi yangu."

"Njoo na pasi, njoo na sanduku kabisa."

"Loo! Sanduku halitembei lenyewe, linatumiwa wazee kwanza."

"Mjomba Mfaume yupo. Anangoja nimwambie tu."

Mambo yalikuwa matamu hivyo. Lakini siku mbili tatu baadaye Munira akamhamisha Nusaiba kutoka Kurasini, akampeleka Kipawa, kwenye nyumba ya wazee ya Walid Muhdhar. Alisema ni karibu zaidi na kwao binti. Khalfani aliona ajabu kidogo, maana binti mwenyewe hakuwa amelalamika, lakini hakuuliza. Yeye jina lililombakia sikioni lilikuwa jingine kabisa.

Walid alikuwa mjane wa makamo, wa familia ya zamani ya wafanyabiashara, kanzu yake nyeupe haina hata kunjo, na mahali alipokaa harufu ya udi ilibaki baada ya yeye kuondoka. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vingi, bustani, na ofisi yenye kiyoyozi kilichoshindana na kelele za ndege zinazotua jirani. Aliwapokea wanafunzi wanane kwa mkupuo.

Khalfani aliyajua hayo kwa sababu alikuwapo Munira alipopokea simu.

"Kaka Walid! Wanane? Allah akuzidishie, kaka yangu. Mie nilijua tu hutaniangusha."

Khalfani aliweka bilauri ya ukwaju mezani. Ile sauti aliijua. Ilikuwa ileile ya Tandika, ikipanda na kushuka palepale. Alikuwa ameibeba kifuani kama zawadi aliyopewa yeye peke yake, na sasa aliiona inagawiwa kwa simu, bure, mchana kweupe.

"Wanane ni wengi," alisema.

"Ee, Walid mkono wake mkunjufu. Nakwambia, mtu mmoja kanipunguzia mzigo wa wiki nzima."

"Mie niliokupunguzia ni wawili."

"Wewe una benchi moja, mpenzi wangu," Munira alicheka, akampangusa povu la juisi kwenye ndevu. Alikusudia upendo. Khalfani alisikia dharau.

Asubuhi yake alimpigia kabla hajamaliza chai.

"Niletee kumi."

"Kumi wa nini?"

"Wanafunzi. Tulizana inaweza kupokea kumi."

"Khalfani, utawakalisha wapi?"

"Hilo niachie mie. Au kwangu hapafai?"

Munira alitazama orodha yake. Alikuwa bado ana wengi mkononi ambao hawajapata nafasi, na mwanamume anayempenda alikuwa akimwondolea mzigo. Alitaka kuamini.

"Haya. Asante, roho yangu."

"Ila naomba wawe wasichana. Au wengi wao wawe wasichana. Wanaokuja hapa ni kina mama, hawafungui kinywa mbele ya kijana wa kiume."

"Nitaangalia," alisema Munira. Sauti yake ilikuwa imepoa kidogo, lakini simu huficha mengi.

* * *

Walikuja wavulana kumi, ukimhesabu na Fredrick.

Walikuja na mabegi mgongoni na madaftari mapya, wakapanga mstari mbele ya Tulizana mpaka dereva mmoja wa lori akauliza kama kuna usaili wa kazi. Khalfani alimpigia Munira. Wasichana wamekwisha, alijibiwa, wameshapangiwa kwingine. Akapiga tena wiki iliyofuata, jibu likawa lilelile. Mara ya tatu aliambiwa, kwa upole wa kutisha kidogo, "Khalfani, hao wasichana unawatakia nini hasa?" Akaacha.

Kituo kilijaa. Waliokosa benchi walikaa kwenye mkeka, waliokosa mkeka walisimama mlangoni, na waliokosa mlango walikaa nje kwenye tairi bovu wakijadili mpira. Walikuwa vijana wema. Walifagia, walipaka rangi ukuta, walirekebisha feni. Lakini kila mwanamke alipoingia, vijana wanne watano waligeuka kwa pamoja, wakafungua madaftari, wakamkodolea macho kwa hamu ya kujifunza.

Somoe, aliyekuwa akipikia madereva ugali na samaki karibu na geti la yadi, alikuja mara mbili. Mara ya kwanza alisimama kizingitini, akahesabu vichwa, akasema amepita tu kusalimia. Mara ya pili alikaa. Akafungua kinywa. Fredrick akamwambia, kwa heshima zote, "Shikamoo mama, karibu, jisikie huru, hapa tupo kwa ajili yako."

"Marahaba," alisema Somoe. "Nyie nyote?"

"Wote, mama."

Somoe alisimama, akafunga kanga yake upya kiunoni. Alimtazama Khalfani aliyekuwa amekaa pembeni kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Baba, mie nina aibu yangu moja, nimeibeba kwa siri tangu nyumbani. Sasa niimwage mbele ya madume kumi? Ungenambia kuna mkutano ningevaa gauni la harusi."

Akaondoka. Baada yake wakapungua na wengine, mmoja mmoja, bila kuaga. Kituo ambacho Khalfani alikijenga kwa kusikiliza kilibaki na wasikilizaji watupu.

Jioni alimpigia Munira, akakuta anaongea na simu nyingine. Akangoja. Akapiga tena, bado. Alipopatikana alikuwa anahema kama aliyekuwa akicheka.

"Ulikuwa na nani?"

"Walid. Kuna mzee mmoja kule kamposa mwanafunzi wangu, sijui mie nifanye nini."

"Na Walid yeye amemposa nani?"



"Hilo swali gani?" alisema Munira.

"Nauliza tu."

"Usiwe unauliza tu, Khalfani."

Munira alikata simu upesi, kwa sababu swali lilipiga penyewe. Siku chache nyuma Manal, dada yake Walid, alikuwa amefika nyumbani kwao na sinia la halua lililofunikwa kitambaa cha dhahabu. Alikaa na mama yake Munira, akasifu kachori, akasifu pazia, mwishowe akasema kaka yake anaishi peke yake na nyumba ni kubwa. Mama alijibu kistaarabu kwamba atamuuliza mwenyewe. Munira alikuwa na jibu tangu sinia halijafunuliwa, nalo lilikuwa hapana. Lakini wanafunzi wanane walikuwa katikati ya mafunzo yao kwa Walid. Akimkataa leo, kesho akiwarudisha, atawapeleka wapi? Aliamua kungoja muda wao uishe. Ilikuwa hesabu ya kazi, na kwa hesabu ya kazi ilikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba hakumwambia Khalfani.

* * *

Kila muhula chuo kiliwaita wasimamizi kutoka vituo vyote wakae pamoja. Safari hii walikaa chumba cha mihadhara juu ya duka la vigae, na kila sentensi ilikatizwa na mlio wa msumeno wa kukata vigae chini. Kila msimamizi aliombwa aseme anavyoendelea.

Walid alisimama kwanza. Kanzu, udi, tasbihi mkononi. "Alhamdulillahi, wasichana wangu wote wanane wanafanya vizuri. Wazee wamewapenda mno, kuna mmoja imebidi tumkanye."

Watu walicheka. Khalfani hakucheka. Alikuwa amekwama kwenye neno wasichana.

Akafuata Demetria, mama wa makamo kutoka Ukonga, aliyekuwa na kituo cha kuzisaidia familia za wafungwa. "Na mie wangu ni mabinti watupu," alisema kwa sauti ya kutojali msumeno. "Sina ugomvi nao. Ila nilimwambia mratibu, Munira mwanangu, nipe na vijana wa kiume, nina watoto wa kiume pale hawana baba, wanataka kaka wa kuwafundisha hata kufunga kamba za viatu. Akasema wavulana wamekwisha. Nikauliza wamekwishaje, mbona darasani niliwaona? Akasema wote wako Kurasini."

Chumba kizima kiligeuka kumtazama Khalfani, kisha Munira, kisha Khalfani. Msumeno ulinyamaza wakati mbaya.

"Basi Kurasini kuna jambo," alisema mtu nyuma, na kicheko kikapasuka.

Munira aliinamia kompyuta yake. Mtandio wake siku hiyo ulikuwa wa kijani, na masikio yaliyochungulia yalikuwa yamewiva.

Kikao kilipokwisha, Walid alimsogelea mbele ya wote. "Manal anakusalimu. Anasema zile kachori za mama yako hajazisahau." Alisema kwa sauti ya chini, ya heshima, lakini Khalfani alikuwa hatua chache tu nyuma yake.

Walikutana kwenye ngazi, katikati ya ghorofa, watu wakipanda na kushuka.

"Dada yake anakula kachori kwenu," alisema Khalfani.

"Alikuja siku moja."

"Na sinia?"

Munira alishtuka. "Nani kakwambia sinia?"

"Hakuna. Nimebahatisha. Mtu kama yule haji mikono mitupu." Alisema polepole, na upole huo ulimuumiza Munira kuliko kelele. "Kwa hiyo mie najaza kituo mpaka kina mama wangu wanakimbia, ili nionekane mwanamume mbele yako, kumbe mwenzangu kashafika barazani."

"Ulijaza kituo kwa ajili ya Walid?"

"Kwa ajili yako!"

"Hapana. Kwa ajili ya Walid. Mie ulinidanganya kwamba una nafasi. Nilikwenda kuandika kwa jina la chuo kwamba Tulizana inafaa vijana kumi!"

"Na wewe uliwachomoa wavulana wa darasa zima ukanirundikia. Mama Demetria anawalilia, mie nawakalia! Kwa nini, Munira?"

Alikuwa na jibu mdomoni. Lilikuwa jibu la aibu, na watu walikuwa wanapita.

"Kila kituo kina mahitaji yake," alisema.

"Hilo jibu la barua. Limwandikie nukta nukta nukta."

Alishuka ngazi. Munira alimtazama mgongoni, lile shati lenye makunyanzi, mpaka lilipopotea kati ya malori ya vigae.

* * *

Hawakupigiana simu. Munira alikuwa akiifungua picha ya Khalfani kwenye simu, anaona yupo hewani, anajiuliza anaongea na nani, anazima. Khalfani alikuwa akifanya vivyo hivyo upande wa pili, na wakati mwingine wote wawili walikuwa hewani kwa pamoja, kila mmoja akimhesabia mwenziwe kosa la kuwa macho kwa ajili ya mtu mwingine.

Aliyeanza kusogea alikuwa Khalfani, lakini hakwenda kwa Munira. Alikwenda kwa Somoe.

Alimkuta anageuza samaki, moshi umemzunguka. Alikaa kwenye gogo la wateja, akaagiza ugali, akala, akanawa, halafu akasema, "Nimekuja kukuomba radhi kwa wale vijana."

"Uliwatoa wapi, baba wewe? Kulikuwa na mnada?"

"Niliwaomba mwenyewe. Kulikuwa na mwanamke, na mwanamume mwingine aliyepokea wanane."

Somoe alimtazama, mwiko hewani. Kisha alicheka mpaka akalazimika kushika meza. Madereva waliinua vichwa.

"Yarabi! Mie mume kaniolea mke mwenza Mbagala, wivu unanichoma, nasema ngoja niende Tulizana wakanitulize. Kumbe mtulizaji naye anaungua!" Alijifuta macho kwa pembe ya kanga. Kicheko kilipoisha uso ulibaki mtupu. "Sina pa kulisema hili. Kwetu watasema nivumilie. Na anataka kumchukua mwanangu wa kwanza aende akakae kule."

"Njoo leo mchana."

"Niletee mwanamke wa kuongea naye. Mmoja, sio kumi."

Khalfani alitoka pale akampigia Munira. Alipopokea, Khalfani hakusalimia vizuri.

"Nahitaji msichana mmoja wa kukaa na mama mmoja, leo. Sikuombi kwa ajili yangu."

Munira alisikia honi za malori nyuma ya sauti yake. Alijua jina la kutaja. Aliyekuwa bora kuliko wote darasani kwa kukaa na mtu mwenye uchungu alikuwa mmoja tu, na lilikuwa jina ambalo alikuwa ameliweka mbali na Kurasini kwa mkono wake mwenyewe.

"Nusaiba," alisema. "Namleta mwenyewe."

* * *

Walifika baada ya adhuhuri. Wavulana hawakuwapo: Khalfani alikuwa amewatuma Ukonga kwa Demetria, wakajaribu siku moja. Somoe alikuja amevaa kanga mpya. Alimpima Nusaiba kwa macho kutoka juu mpaka chini, akasema, "Mzuri wewe. Umeolewa?"

"Bado, mama."

"Basi sikiliza vizuri, yatakufaa," alisema, wakaingia chumba cha ndani, mlango ukafungwa.

Nje, kwenye benchi, Munira alifungua kompyuta mapajani. Walikaa na nafasi ya mtu mmoja katikati yao. Kwa muda walizungumza majina tu: huyu abaki, huyu aende Ukonga, huyu kwao Gongo la Mboto kwa hiyo Ukonga kunamfaa zaidi. Kreni ilikuwa ikinyanyua makontena ng'ambo ya ukuta.

"Nilimwondoa kwa makusudi," Munira alisema bila kuinua macho.

"Nani?"

"Nusaiba. Ile wiki nilipokuja nilimkuta anakusimulia kitu, na wewe umeinamisha kichwa hivyo." Aliinamisha chake kuonyesha. "Nilidhani huwa unaniinamishia mie peke yangu."

Khalfani alimgeukia. "Munira. Hiyo ndiyo kazi yangu. Nawainamishia hata madereva."

"Najua. Ndiyo maana iliniuma. Usiku mzima nikajiuliza, basi mie ni nani? Dereva?"

"Kwa hiyo ukaamua nisimwone msichana yeyote."

"Nilizunguka darasa zima nikiwachuma wavulana kama mtu anayechagua mchele." Alijaribu kucheka, ikashindikana. "Halafu mama yule akakaa na shida yake. Mie ndiye ninayefundisha wanafunzi wasiingize mambo yao kwenye ya mteja. Ninawafundisha kwa slaidi."

Khalfani alikaa kimya, na baada ya hapo akakaa kimya tena kidogo. Safari hii Munira aliona tofauti. Macho ya Khalfani yalikuwa na maji.

"Na mie iliniuma ile 'kaka yangu' yako ya kwenye simu," alisema. "Unavyomwita Walid. Unavyomwita kila mtu. Nilidhani ile sauti ilizaliwa kwa ajili yangu mie."

"Ile ni ya kuombea nafasi."

"Na ya kwangu iko wapi?"

"Hii," alisema Munira. Haikupanda wala kushuka. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka, imekwaruza kidogo. "Huwa simpi mtu mwingine. Haina faida yoyote."

Alitoa simu kwenye mkoba. Khalfani alipoona jina, alisimama ili ampishe. Munira alimshika ukingo wa shati.

"Kaa."

Walid alipokea upesi. Munira aliongea kwa sauti ileile ya benchi.

"Assalaam aleykum, Walid. Nina mambo mawili. La kwanza la wanafunzi: naomba Nusaiba arudi Kurasini moja kwa moja, kuna mama anamhitaji."

"Hamna neno. Na la pili?"

"La pili si la kazi. Dada Manal alikuja nyumbani. Nilipaswa kukujibu siku ileile. Nilichelewa kwa sababu nina wanafunzi kwako, na hiyo haikuwa haki kwako. Kuna mtu. Nisamehe."

Ndege ilipita upande wa Walid. Walingoja imalize. Khalfani, aliyesikia kila neno, alijikuta anautazama mkono wake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza alimwonea yule mwanamume huruma.

"Nimekuelewa," Walid alisema mwishoni. "Wasichana watamaliza muda wao, hawana kosa. Ila mwakani usiniletee barua, Munira. Sitaweza kukaa nakungoja uje kuwakagua, halafu najifanya nangoja ukaguzi. Unanielewa?"

"Nakuelewa. Allah akulipe kheri."

Simu ilikatika. Munira aliiweka juu ya benchi, katika ile nafasi ya mtu mmoja.

"Nafasi nane za mwakani," alisema. "Zimekwenda."

"Nitapokea..."

"Usithubutu!"

Wote wawili walicheka, kwa sauti ya chini ili wasiwasumbue waliokuwa ndani. Kutoka chumbani ilisikika sauti ya Somoe, ikieleza jambo refu, bila kukatizwa.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya makontena. Munira alirudi kwenye kompyuta. Watatu walibaki Tulizana, watano Ukonga, na mbele ya majina mawili hapakuwa na kitu.

"Hawa nitawaweka wapi?"

"Kesho," alisema Khalfani. "Na mjomba Mfaume anauliza kwenu mnapokea wageni siku gani."

"Mwambie Ijumaa. Asije na halua, mama hajaimaliza ile." Alipitisha kidole juu ya majina mawili, hayakusogea. "Kesho asubuhi niko Ukonga kumwona mama Demetria. Halafu kuna zahanati moja huko, wanasema mganga wake mkuu anapenda vijana. Bado sijamwona."

"Mwanamume?"

"Sijui. Nasikia mpole."

"Naenda na wewe."

"Khalfani."

"Nitabeba bahasha tu. Sisemi neno."

"Nitamwita kaka yangu. Lazima nimwite, nina vijana wawili hawana pa kwenda."

Khalfani alifikiri, kwa dhati, kama mtu anayepima mzigo kabla ya kuunyanyua.

"Mwite," alisema. "Mie nitatazama ukuta."

Munira alifunga kompyuta, majina mawili yakiwa bado yako wazi.

"Saa mbili kamili," alisema, "na upige pasi."

"Mgongo pia?"

"Mgongo kwanza. Ndio nitakaokuwa nautazama, wewe ukitazama ukuta."